Queen Baada ya Freddie: Nani Aimbe?

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana, wapenzi wa muziki mliokuja kumkumbuka marehemu Freddie Mercury:

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo mashabiki wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, wamekuwa wakilivutania tangu tarehe 24 Novemba 1991, siku aliyofariki mwimbaji wao, nalo ni kama bendi ile ilikuwa na haki ya kumsimamisha mtu mwingine mbele ya kipaza sauti, na kama ilikuwa nayo, basi mtu huyo awe wa namna gani. Najua ukumbi huu umegawanyika, na nimewasikia baadhi yenu mkianza ubishi hata kabla ya viti kupangwa. Nitasema langu mapema ili asiyekubaliana nami aanze kujiandaa: naona Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga dramu, walikuwa na haki kamili ya kuendelea, naona Adam Lambert, mwimbaji waliyeshirikiana naye baadaye, ndiye hasa aliyewafaa, na naona kinachostahili kutiliwa shaka si huyo Mmarekani bali ni ile skrini kubwa iliyo nyuma yake.

Nianze na marehemu mwenyewe. Alizaliwa hapa hapa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Bomi na Jer, Waparsi wenye asili ya Gujarat, na baba yake alikuwa mtunza fedha wa mahakama katika serikali ya kikoloni. Akiwa bado mdogo alipelekwa skuli ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, India, na huko ndiko alikopiga piano katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963, lakini baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ilihamia Feltham, pembezoni mwa London, na karibu yote ambayo dunia inamjua kwayo yalitokea huko. Nayataja haya kwa sababu sisi wa hapa hupenda kuzungumza kana kwamba Queen ni bendi yetu iliyopotelea ughaibuni. Tukumbuke kwamba mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, sherehe hiyo ilifutwa kwa sababu wapo waliosema maisha yake hayaendani na maadili ya visiwa hivi, na kwamba makumbusho yake pale barabara ya Kenyatta, Shangani, yalifunguliwa mwaka 2019 tu, baada ya filamu ya maisha yake kuzunguka dunia nzima. Kwa hiyo tunapowalaumu Waingereza kwamba wamemsahau Freddie, tuseme kwa adabu kidogo.

Kuna jambo moja ambalo katika mabishano yetu hurukwa mara nyingi, na kwangu ndilo la msingi. Mwaka 1968 May na Taylor walikuwa na bendi iitwayo Smile, ambayo mwimbaji na mpiga besi wake alikuwa Tim Staffell. Freddie alifahamiana na Staffell katika chuo cha sanaa cha Ealing, akawa anahudhuria maonyesho ya Smile na kuwapa wenzake ushauri ambao hawakuuomba, wavae vipi na wasimame vipi jukwaani. Staffell alipojitoa mwaka 1970, Freddie akaingia, akaibadilisha bendi jina ikawa Queen, akajipa na yeye jina la Mercury, na mwaka uliofuata John Deacon akajiunga nao kupiga besi. Yaani mtu tunayesema hana mbadala aliingia kwa mlango huo huo wa kujaza nafasi ya mwenzake. Tofauti ni kwamba hakuna aliyemlilia Staffell, maana Smile haikuwa na mashabiki wa kutosha kulia.

Nafasi aliyoiacha Freddie ilikuwa na kazi mbili, na wengi wetu tunaitazama moja tu. Ya kwanza ni kuimba. Ya pili ni kuushika umati, na hiyo ilionekana wazi zaidi tarehe 13 Julai 1985 katika uwanja wa Wembley, kwenye tamasha la Live Aid, ambako Queen walipewa takriban dakika 20 kama wengine, tena jua likiwa halijazama, kwa hiyo hapakuwa na taa wala moshi wa kuwasaidia. Freddie alitoka na fulana nyeupe isiyo na mikono, akakaa kwenye piano akaanza na beti za mwanzo za Bohemian Rhapsody, kisha akainuka na kile kijiti chake cha kipaza sauti kisicho na kitako. Ilipofika Radio Ga Ga, mikono ya watu wapatao 72,000 ilipanda na kupiga makofi mawili kwa wakati mmoja. Baadaye ala zikanyamaza, akaanza kutoa sauti tupu isiyo na maneno, na uwanja ukamrudishia kila alichotoa, akivuta nao wanavuta, akizungusha nao wanazungusha. Aliyekulia kwenye ngoma na kasida anaijua kazi hiyo ya mtoa sauti anayejua lini ashike na lini awaachie waitikiaji. Ndiyo kazi ngumu kuliko kuimba, na ndiyo iliyomshinda karibu kila aliyejaribu kumrithi.

Kuhusu kuimba kwenyewe, niwaombe wanaomlinganisha Lambert na sauti ya kwenye santuri wamtendee haki, na wamtendee haki marehemu pia. Freddie wa jukwaani hakuwa Freddie wa studio. Alisumbuliwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti, na katika ziara ndefu noti nyingi za juu alizishusha, huku zile za juu zaidi zikipigwa na Roger Taylor akiwa nyuma ya dramu zake. Ile sehemu ya kati ya Bohemian Rhapsody, yenye sauti zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, hawakuiimba jukwaani: bendi ilitoka, taa zikachezeshwa, kanda ikapigwa, kisha wakarudi kwa kishindo pale gitaa linapoingia. Kanda ilikuwa na nafasi yake katika maonyesho ya Queen tangu Freddie yu hai, jambo ambalo nitalirudia nikifika kwenye skrini.

Onyesho lake la mwisho na Queen lilikuwa Knebworth tarehe 9 Agosti 1986. Baada ya hapo waliendelea kurekodi, lakini hawakuzunguka tena. Tarehe 23 Novemba 1991 ilitoka taarifa kwamba ana UKIMWI, na jioni ya siku iliyofuata akafariki nyumbani kwake Kensington, London, akiwa na umri wa miaka 45, miaka michache tu kabla ya dawa za mchanganyiko kuanza kuokoa maisha ya watu. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa miaka ile ilikuwaje. Mwaka 1989 Philly Lutaaya wa Uganda alijitokeza hadharani akasema anaumwa, akatumia nguvu alizobaki nazo kuzungumza na vijana, akafariki Desemba ya mwaka huo huo. Freddie alichagua kunyamaza mpaka siku ya mwisho. Zipo sauti miongoni mwetu zinazomlaumu kwa hilo. Mimi siwezi kumpangia mtu namna ya kuugua.

Jibu la kwanza la bendi kuhusu nafasi yake lilikuja tarehe 20 Aprili 1992, uwanja ule ule wa Wembley, na jibu lenyewe lilikuwa kutomweka mtu mmoja. Walipanda David Bowie, Annie Lennox, Elton John, Axl Rose, Robert Plant, Lisa Stansfield, Liza Minnelli na wengine, kila mmoja na wimbo wake au miwili, na fedha zikaanzisha Mercury Phoenix Trust, mfuko ambao mpaka leo unasaidia miradi ya kupambana na UKIMWI, Afrika ikiwemo. Anayekumbukwa zaidi usiku ule ni George Michael, aliyeimba Somebody to Love akiungwa mkono na kwaya, na tangu siku hiyo kuna kundi la mashabiki linaloapa kwamba huyo ndiye alipaswa kuchukua nafasi. Sikatai kwamba aliimba vizuri mno. Ila wimbo mmoja mbele ya watu walio katika majonzi ni jambo moja, na kuubeba usiku mzima wa saa mbili, mji baada ya mji, ni jambo jingine.

Sasa nije kwa ndugu zangu wanaosema jina la Queen lingezikwa na mwenyewe. Hoja yao ina heshima ndani yake, lakini inasimama juu ya dhana kwamba Queen ilikuwa mali ya Freddie, nayo si kweli. Katika bendi ile wote wanne walitunga, na kila mmoja alitunga nyimbo zilizotikisa dunia. Bohemian Rhapsody na We Are the Champions ni za Freddie, lakini We Will Rock You ni ya May, Radio Ga Ga ni ya Taylor, na Another One Bites the Dust pamoja na I Want to Break Free ni za yule Deacon mkimya aliyesimama pembeni ya dramu. Kumwambia Taylor asisimame mahali popote kuiimbisha Radio Ga Ga kwa sababu mwenzake amefariki ni kumnyang'anya mtu kazi ya mikono yake. Na wale wa upande wangu ambao huukimbilia wimbo wa The Show Must Go On kana kwamba ni wasia wa marehemu kuruhusu bendi iendelee, nao nawaomba waache. Wimbo huo kwa sehemu kubwa ni kazi ya May, ambaye aliuandika akimtazama rafiki yake akidhoofika. Freddie aliuimba kwa nguvu ya ajabu kwa mtu aliye katika hali ile, lakini kuuimba si kuacha wasia.

Historia ya roki haina jibu moja katika jambo hili. Chukueni mwaka 1980 peke yake. Mwezi wa Februari alifariki Bon Scott wa AC/DC, na ilipofika Julai wenzake walikuwa wameshamchukua Brian Johnson na kutoa Back in Black, albamu iliyouzwa kuliko zao zote. Mwezi wa Mei alifariki Ian Curtis wa Joy Division, na waliobaki wakaliweka kando jina la zamani, wakajiita New Order na kuanza upya. Septemba alifariki John Bonham, mpiga dramu wa Led Zeppelin, na kabla ya mwaka kwisha bendi ikatangaza kwamba haiwezi kuendelea. Njia zote tatu zina watu wanaozisifu. Hapa kwetu Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, wamewazika waimbaji wao na bado wanapiga, ingawa nakubali kwamba chama cha taarab kinajengwa tangu mwanzo kiwazidi watu wake umri, na bendi ya vijana wanne haijengwi hivyo.

Queen walifuata njia yao ya nne, nayo ni alama ya kujumlisha. Mwaka 2004 walishirikiana na Paul Rodgers, mwimbaji wa zamani wa Free na Bad Company, na tangu mwanzo walitangaza kwamba hii ni Queen + Paul Rodgers, si Queen yenye mwimbaji mpya. Rodgers ni mtu wa blues, ana sauti nzito yenye mikwaruzo, na aliziimba nyimbo za Queen kwa namna yake bila kumwiga mtu, na katikati yake akachanganya na zake, All Right Now ikiwemo. Septemba 2008 walipiga Kharkiv, Ukraine, mbele ya bahari ya watu, katika onyesho la kuhamasisha vijana kujikinga na UKIMWI. Mwaka huo huo walitoa albamu ya nyimbo mpya, The Cosmos Rocks, ambayo niliisikiliza kwa heshima na sijairudia. Hapo ndipo nilipojifunza mpaka wa haki ninayoitetea: waliobaki wana haki ya kuzipiga nyimbo walizotunga pamoja, lakini kutunga nyingine na kuzipa jina lile ni kazi inayomhitaji yule asiyekuwepo. Walipoachana na Rodgers mwaka 2009 waliachana kwa amani, na sikumsikia shabiki aliyelia.

Adam Lambert alijulikana mwaka huo huo kwa mashindano ya American Idol, ambayo alianza kuwania kwa kuimba Bohemian Rhapsody na akaishia nafasi ya pili. Kwenye fainali May na Taylor walipanda jukwaani kupiga We Are the Champions pamoja na washindani wawili wa mwisho. Juni 2012 alifanya nao onyesho kamili la kwanza, Kyiv, na tangu 2014 wamezunguka naye mabara kadhaa. Wanaompinga husema anapamba mno, anavaa mno, na ana madaha ya mtu wa maigizo ya muziki. Jamani, na Freddie je? Aliyewahi kutoka jukwaani na taji na joho la kifalme alikuwa nani? Tatizo la Rodgers lilikuwa kwamba alileta sauti akaiacha nyumbani ile kazi ya pili. Lambert ameleta vyote viwili, na ana noti za juu ambazo marehemu mwenyewe jukwaani alizikwepa. Jambo linalonipendeza zaidi ni kwamba mapema katika maonyesho huwaambia watu waziwazi kwamba Freddie ni mmoja tu na hatatokea mwingine, kisha anawaomba wamsherehekee pamoja naye. Mgeni njoo, mwenyeji apone: May na Taylor walirudi kuwa bendi kwa sababu ya mtu anayejua kwamba ni mgeni. Na mpaka leo hajarekodi nao albamu ya studio ya nyimbo mpya, uamuzi ambao naona ni wa busara kuliko yote waliyofanya tangu 1991.

Kuna wanaouliza kwa nini hawakumchukua Marc Martel, Mkanada ambaye sauti yake inafanana na ya Freddie kiasi cha kumfanya mtu ageuke kuangalia nyuma. Alipatikana mwaka 2011 katika mashindano ya Roger Taylor ya kutafuta wanamuziki wa Queen Extravaganza, bendi ya kuzipiga nyimbo za Queen, na sauti yake ilitumika pia katika ile filamu ya 2018. Kwenye filamu ilifaa, kwa sababu filamu ni maigizo na kila anayeketi pale anajua kwamba mwigizaji Rami Malek si Freddie. Lakini kumweka mwigaji kati ya May na Taylor wenyewe kungewafanya wao wawili nao waonekane waigaji wa Queen, na hilo lingekuwa aibu ambayo Lambert, kwa kutofanana kwake, amewaepusha nayo.

Sasa skrini. Katika maonyesho ya siku hizi inafika wakati May anakuja peke yake mbele kabisa na gitaa lisilo la umeme, anakaa, anaanza Love of My Life, wimbo ambao Freddie aliutunga na ambao umati huuimba wenyewe. Karibu na mwisho, Freddie anatokea kwenye skrini, anaimba mstari uliobaki, May anainua uso kumtazama, na watu wazima wanafuta machozi. Baadaye anatokea tena, akitoa zile sauti tupu za Wembley, na watu wanamwitikia mtu aliyefariki miaka zaidi ya 30 iliyopita. Nimeguswa kama wengine. Hata hivyo najiuliza: mwimbaji hai anaweza kukataa, kuchoka, kubadilisha mstari, kuugua usiku wa leo, lakini wa kwenye skrini hufanya anachoamriwa kila usiku, kwa saa ile ile. Kanda ya Bohemian Rhapsody niliyokwisha kuitaja ilipigwa na Freddie akijua na akitaka. ABBA, kundi la pop la Sweden, wameweka vivuli vyao vya kidijitali jukwaani London tangu 2022, lakini wote wanne wako hai na walikubali wenyewe. Freddie hakuulizwa, na teknolojia inazidi kuwa rahisi. Mashabiki wanaomkataa Lambert kwa kisingizio cha kulinda heshima ya marehemu, halafu wakashangilia wazo la kumrudisha marehemu kwa mwanga na kompyuta, mimi siwaelewi.

Nasema hivyo kwa sababu wenzake walishaonyesha njia bora. Mei 1991, katika studio yao ya Montreux, Uswisi, Freddie alikuwa akirekodi Mother Love, akiwa dhaifu kiasi kwamba kusimama tu kulikuwa kazi. May alikuwa akiandika mistari na kumpa, naye anaiimba papo hapo, kwa sababu hapakuwa na muda wa kusubiri wimbo ukamilike. Wakafika kabla ya ubeti wa mwisho, Freddie akasema amechoka, akapumzike, atakuja kuumalizia. Hakurudi kuumalizia. Albamu ya Made in Heaven ilipotoka mwaka 1995, ubeti huo uliimbwa na May kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, isiyojaribu kufanana na ya rafiki yake hata kidogo, na msikilizaji anausikia mshono waziwazi. Wangeweza kuokoteza silabi kutoka kanda nyingine wakaziunganisha. Waliacha mshono uonekane, na kwangu Lambert na ile alama ya kujumlisha ni mwendelezo wa uaminifu ule ule.

Amebaki mtu mmoja sijamweleza, naye ni shahidi mkubwa wa wapinzani wangu: John Deacon. Mwaka 1997 alipanda jukwaani na wenzake mara ya mwisho, Paris, kisha akajitoa katika muziki wa hadhara na hajarudi. Hakufanya vita na wenzake, hakuwazuia, ila kwake Queen ilikuwa watu wanne. Namheshimu, na ningependa mtakaonipinga jioni hii mseme kwa niaba yake, maana hoja yake ni nzito kuliko za wanaolalamikia mavazi ya Lambert. Mimi ninakubali kitu kimoja kutoka upande wake: haki niliyoieleza ni ya watunzi walio hai, si ya jina. May alizaliwa 1947 na Taylor 1949. Siku mmoja wao atakaposhindwa kupanda jukwaani, atakayebaki ajiulize sana kama bado anajumlisha na Queen, na siku wote wawili watakapokuwa hawapo, mtu yeyote asipewe jina hilo kulitembeza, hata awe Lambert. Mwenyekiti, naomba sasa wenye hoja wapewe nafasi.